Mbuzi wa Ntheo Nyuma ya Kitabu

Wasomaji wa juma lililopita waliniacha nimesimama kando ya meza ya vitabu katika ukumbi wa kanisa, Kikima. Mzee Mbithi alikuwa amesoma jalada la nyuma kwa sauti, neno kwa neno, mbele ya watu wote waliokuja kwenye uzinduzi. Kisha alimgeukia askofu.

"Baba Askofu, haya maneno ni yako?"

Kwa anayeanza leo: naitwa Waruguru. Nilizaliwa Sultan Hamud na wazazi waliotoka Murang'a kufuata biashara ya barabara ya Mombasa. Nilikuwa mhariri Nairobi hadi kampuni ikafungwa. Nikarudi nyumbani, nikafungua kiduka cha kupiga chapa, kikaungua. Kilichobaki ni ufundi mmoja usiohitaji mtambo. Naandika yale maneno ya sifa yanayowekwa nyuma ya kitabu, chini yake jina la mtu mkubwa.

Mtu mkubwa haandiki. Mimi humpigia simu, nikamuuliza maswali, nikaandika sentensi tatu, nikamtumia, naye akakubali. Sentensi ya kwanza husema kitabu ni nini. Ya mwisho humwambia mnunuzi kwa nini asikirudishe mezani. Ya katikati ndiyo kazi yenyewe: lazima iwe na jambo moja ambalo mtu huyo peke yake angeweza kulisema. Bila hilo, sifa ni maji yenye sukari.

Kitabu hiki kiliitwa Nyumba ya Kalondu. Mwandishi wake ni Nzisa, mwalimu wa shule ya msingi. Kalondu alikuwa mjane asiye na mtoto, akamwoa msichana wa Kanyangi aitwaye Kasiva ili watoto atakaowazaa wawe wa nyumba hiyo. Wakamba huiita ndoa hiyo iweto. Nzisa ni mtoto wa Kasiva.

Kalondu alifariki. Mzee Mbithi, ndugu mdogo wa marehemu mumewe, akawashtaki Kasiva na Nzisa watoke kwenye shamba. Hoja yake ni moja tu: Kasiva hakuolewa, aliletwa kuteka maji. Mbuzi wa ntheo, wale ambao bila wao Mkamba hana mke, hawakufika kwao.

Kesi hiyo sikuijua nilipokuwa nikiandika. Nilichojua ni kile Askofu Musyimi alichoniambia kwenye simu, akicheka, gari likinguruma. Nikakiweka katikati:

"Nikiwa kijana, mimi ndiye niliyewaswaga mbuzi wa ntheo wa Kalondu hadi Kanyangi, kwa hiyo naijua nyumba hii tangu jiwe la kwanza."

Nzisa alipoiona sentensi hiyo hakuniambia neno. Alimpelekea wakili wake.

Sasa, pale ukumbini, askofu alivaa miwani, akasoma, akaivua.

"Si maneno yangu," alisema. "Mimi sikupeleka mbuzi yeyote kwa mtu yeyote. Huyu mama ameandika mwenyewe."

Mtu mmoja nyuma akapaza sauti: "Kumbe tumeuziwa mbuzi hewa!"

Ukumbi ukaangua kicheko. Nilinyanyua simu yangu.

"Baba Askofu, nilikutumia usome. Ulijibu Amen."

"Madam, mimi hujibu Amen kwa kila mtu. Hata wale wa kuuza matangi ya maji."

Walicheka zaidi. Nilirudi nyuma kwenye mazungumzo yetu papo hapo, nikiwa nimesimama. Nilipomtakia Pasaka njema: Amen. Nilipomuuliza kama ana picha nyingine yenye mwanga: Amen. Alikuwa amesema kweli.

Mlangoni Mzee Mbithi alinipa mkono. Mkono wake ulikuwa mkavu na imara.

"Asante sana, Madam. Nimezunguka Mbooni yote nikitafuta mtu mkubwa wa kusema hizo mbuzi hazikuwako. Kila mtu ananiambia, mzee, usiniingize. Wewe umeniletea askofu, tena mbele ya watu."

Alikuwa amepima hasara yangu sawasawa.

Nzisa na mamake walikuwa nje, kando ya ukuta. Kasiva ni mwanamke mfupi, mtaratibu, anayeongea kana kwamba kila neno analitoa ghalani. Alikuwa ameshika nakala ya kitabu, picha ya askofu ikiwa upande wa chini.

"Ulisema lazima kuwe na kitu cha kweli hapo katikati," Nzisa aliniambia.

"Aliniambia kwa mdomo wake."

"Mdomo wake si ndio huo umesikia?"

"Nzisa, kwa nini hukuniambia kuna kesi?"

"Ningekwambia ungeitoa!"

Ni kweli, ningeitoa.

Kasiva akauliza swali moja. "Wakichukua shamba, Kalondu watamfukua?"

Kaburi la Kalondu liko juu ya nyumba, kwenye ngazi ya tatu ya shamba.

Wakili wa Nzisa, Roselyne, alinipigia kabla sijafika Sultan Hamud.

"Hicho kitabu nilikiweka kwenye ushahidi mwenyewe," alisema. "Siwezi kukitoa. Na umeitwa kama shahidi."

"Nitakuja kuwasaidia."

"Hujaitwa na sisi. Umeitwa na Mbithi. Wanataka useme mbele ya hakimu kwamba ile sentensi uliitunga."

"Sikuitunga."

"Basi tafuta kitu kizito kuliko Amen."

Nilifanya kile ambacho mhariri hufanya jambo linapotiliwa shaka. Nilienda lilikotokea. Nilivuka Athi, nikaingia upande wa Kitui, nikafika Kanyangi kwa kaka mkubwa wa Kasiva, Mzee Kitonga. Nilimkuta uani akipiga ndengu kwa fimbo.

"Kula kwanza," alisema, na bakuli la muthokoi, mahindi yaliyokobolewa na maharagwe, likaletwa. "Swali la mtu mwenye njaa huwa na kona. Kwenu ni wapi, mami?"

"Sultan Hamud."

"Sultan Hamud ni pa kununua sukari. Nauliza kwenu."

"Murang'a."

"Aa. Huko mbuzi huwa nyama choma kabla hajasalimiwa. Hapa kwetu mbuzi huja kusema neno."

"Wa Kalondu walikuja?"

"Walikuja! Dume tulichinja hapo, mbele ya jikoni. Majike mawili yakabaki, yakazaa mpaka tukachoka kuyapa majina. Nani anasema hawakuja?"

"Mzee Mbithi."

Fimbo yake ilisimama hewani.

"Mbithi yupi?"

"Shemeji yake Kalondu."

"Mami," alisema polepole, "ni Mbithi aliyewaleta."

Niliacha kutafuna.

"Angewaleta nani mwingine? Mwenye nyumba amekufa, ndugu yake yupo. Mwanamke hawezi kujipelekea mbuzi. Mbithi alisimama hapo unapokaa, akasema maneno yote, moja baada ya jingine, hata hakukwama. Tukasema, huyu ana mdomo."

"Na Musyimi?"

"Musyimi gani?"

"Yule ambaye sasa ni askofu."

Mzee Kitonga alicheka mpaka akakohoa, mpaka mkewe akatoka jikoni kumtazama.

"Kale kavulana kembamba? Kalikuja nyuma na kijiti, kazi yake ilikuwa kuzuia jike dogo lisirudi nyumbani. Kaswage mbuzi kivipi? Jike lenyewe lilikuwa linakaswaga! Lakini kula, alikula. Mama yangu aliuliza kama kwao kuna njaa."

Kwa hiyo mbuzi walikuwa wa kweli, na sentensi yangu ilikuwa ya uongo. Askofu alijitia mbele ya msafara ambao alikuwa mkiani mwake. Na ukumbini, aliposema hakupeleka mbuzi yeyote, hakudanganya.

Nilimuuliza Mzee Kitonga kama angesema haya kortini.

"Hata sasa hivi. Ngoja nivae viatu."

Roselyne alinikatisha tamaa kwa simu. "Kitonga nilimwacha nje ya orodha kwa sababu ni ndugu wa damu. Niliona askofu aliye nyuma ya kitabu ana uzito zaidi. Orodha ilifungwa baada ya Mbithi kukuongeza wewe. Nitaomba ifunguliwe, lakini usilale ukitegemea."

"Kwa hiyo ulimwacha kwa sababu ya sentensi yangu."

"Sikutaka kusema hivyo," alisema Roselyne. Lakini ndivyo ilivyokuwa.

Nilirudi Kikima, moja kwa moja hadi ofisi ya askofu. Alinipokea kwa chai. Nilipotaja Kanyangi aliweka kikombe chini.

"Nani alikutuma huko?"

"Hakuna. Baba Askofu, ulikuwa mkiani ukizuia jike dogo."

Alifuta mdomo kwa kitambaa. Nilidhani atakana. Badala yake alitabasamu kidogo, kama mtu aliyekumbushwa jina la utani la shuleni.

"Lilikuwa jeupe," alisema. "Lilinipiga kichwa hapa." Akashika paja.

"Kwa nini uliniambia ni wewe uliyewapeleka?"

"Niliongeza chumvi. Watu wanapenda askofu aliyechunga. Sikujua utaipeleka kwa mtambo."

"Kitabu ulikisoma?"

"Nilisoma jalada."

"La nyuma?"

"La mbele, Madam. Nilidhani ni kitabu cha kumsifu mama."

"Basi sema tu ukweli. Sema ulikuwepo, sema Mbithi ndiye aliyewaleta. Watu wawili wanaweza kubaki na nyumba yao."

Alisimama, akafunga dirisha. Nje kulikuwa na akina mama wakifagia.

"Unajua kiwanja hiki ulichokanyaga kilitoka kwa nani? Kilitoka kwa Mbithi. Na unajua Kasiva hukaa benchi gani?"

"Ya nyuma."

"Meza ya Bwana hajaikaribia tangu niwekwe kuwa askofu. Ni mimi nilimtenga. Sasa nisimame niseme nilikula nyama ya harusi hiyo?"

"Ulimtenga kwa kosa gani?"

"Kuolewa na mwanamke."

"Kwa hiyo aliolewa."

Alivuta pazia la dirisha.

"Kanisani ameolewa, shambani hajaolewa," nilisema. "Baba Askofu, hayo mawili hayawezi kuwa kweli kwa pamoja. Kama hakuolewa, rudisha kikombe ulichomnyima miaka yote hiyo. Kama aliolewa, lile shamba ni lake. Chagua."

"Unaongea kama wakili."

"Naongea kama mhariri."

Alikaa tena. Chai yake ilikuwa imefanya utando juu.

"Siku ya kesi nitakuja mahakamani, mjini Wote," alisema mwishowe. "Nitakuja kusikiliza. Kusikiliza tu, Madam, usiandike kitu kingine."

Siku yenyewe, ombi la Roselyne la kumwongeza Mzee Kitonga lilikataliwa asubuhi. Hakimu alikuwa mgeni Ukambani, mtu wa maneno machache, na karani wake hakuwa mwenyeji pia. Kesi iliendeshwa kwa Kiswahili. Niliitwa wa kwanza, nikaapa.

Mzee Mbithi alikuwa ameketi mbele ya kizimba changu, karibu hivi kwamba niliona alivyokuwa amenyoa vibaya shingoni. Kasiva na Nzisa walikuwa upande wa pili. Askofu Musyimi alikaa safu ya tatu, katikati ya watu waliokuja kutazama. Hakuwa shahidi wa upande wowote.

Wakili wa Mbithi alinyanyua kitabu.

"Maneno haya ya nyuma yaliandikwa na nani?"

"Na mimi."

"Askofu aliandika hata herufi moja?"

"Hapana."

"Unalipwa kuweka maneno midomoni mwa watu?"

"Nalipwa kuyapanga."

Watu walicheka kidogo. Wakili aliwaacha wacheke, kisha akasoma sentensi ya katikati taratibu, kama mtu anayesoma wasia.

"Nakuuliza jambo moja, na nataka ndiyo au hapana. Ni kweli kwamba Askofu Musyimi ndiye aliyewaswaga mbuzi hao hadi Kanyangi?"

Kulikuwa na njia ya kupenya. Ningeweza kusema: ndivyo alivyoniambia. Lakini hakuwa ameuliza nilichoambiwa. Aliuliza kama ni kweli, na tangu Kanyangi nilijua kwamba si kweli.

Nilimtazama Nzisa. Alikuwa akitikisa kichwa, polepole, akiniomba.

"Hapana," nilisema.

"Si kweli?"

"Si kweli."

"Sina swali jingine, Mheshimiwa."

Nzisa alitoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwa mtu aliyeketi. Kasiva hakusogea. Alitoa tu mkono wake mapajani mwa bintiye, akaurudisha mapajani mwake.

Roselyne aliinuka. "Shahidi, kama si askofu, ni nani aliyewapeleka?"

"Pingamizi!" wakili wa Mbithi alikuwa amesimama tayari. "Hakuwepo huyu!"

Hakimu alinigeukia. "Ulikuwepo?"

"Sikuwepo, Mheshimiwa."

"Basi usijibu."

Roselyne alirudi kwenye meza yake. Aliangalia karatasi zake, na nikajua hazina kitu. Kila nilichokileta kutoka Kanyangi kiliishia hapo. Nilikuwa nimesema neno moja la kweli, na neno hilo lilikuwa limebomoa nyumba.

Ndipo benchi la safu ya tatu likalia.

Askofu Musyimi alikuwa amesimama.

"Mheshimiwa," alisema, "mimi nilikuwepo."

"Wewe ni nani?"

"Musyimi. Askofu."

"Wewe si shahidi katika kesi hii. Keti."

Askofu hakuketi. Alishika mgongo wa benchi la mbele kwa mikono miwili. Mzee Mbithi akageuka kwenye kiti chake, akamtazama, akasema naye kwa Kikamba, si kwa kelele, bali kwa sauti ya mtu anayemkanya mdogo wake nyumbani.

Nayaandika hapa kwa Kiswahili bila kuongeza wala kupunguza: "Keti, Musyimi. Nyama ya hizo mbuzi ulikula kama nilivyokula mimi. Ukifungua mdomo, na mimi nafungua."

Nusu ya chumba ilivuta pumzi kwa pamoja. Nusu nyingine iliwageukia jirani zao kuuliza. Mzee Mbithi mwenyewe alikuwa bado anamkazia macho askofu. Sidhani alikuwa amesikia maneno yake mwenyewe.

"Amesema nini?" hakimu aliuliza.

"Amemwomba akae, Mheshimiwa," wakili wa Mbithi alijibu upesi. Sijui kama yeye mwenyewe aliyaelewa maneno hayo.

"Hayo yote ni kuomba mtu akae?"

"Nimemwambia akae," Mzee Mbithi alisema. Sasa alikuwa ameyasikia. Sauti yake ilikuwa imepungua. "Ni hivyo tu."

"Si kweli!" Nzisa alipiga kelele. "Amesema—"

"Mwalimu, nyamaza!" Roselyne alimvuta mkono. "Wewe ni mdaiwa mwenza, usiseme wewe!"

Hakimu aligonga meza. Aliwatazama watu wa Mbithi, wote wakakagua sakafu. Aliwatazama watu wa Kasiva, wote wakanyoosha mikono. Hakumwita yeyote. Aligeuka upande wangu.

"Shahidi. Bado uko chini ya kiapo. Unasikia Kikamba?"

"Nimezaliwa Sultan Hamud, Mheshimiwa. Nasikia."

"Mheshimiwa!" Wakili wa Mbithi alikuwa karibu kuvuka meza. "Huyu ndiye aliyekiri sasa hivi kwamba aliandika uongo kwa jina la mtu mwingine! Ndiye atakayetafsiri?"

"Nimemsikia alipokiri," hakimu alisema. "Hakuna aliyemlazimisha. Keti."

Alichukua kalamu.

"Sema alichosema, kama alivyokisema. Usikipambe."

Sijawahi kutakiwa kufanya kazi rahisi kuliko hiyo. Sentensi zilikuwa tatu fupi, nilikuwa nazo zote. Macho ya Mzee Mbithi yalikuwa kwenye kinywa changu.

Nilivuta pumzi. Kabla sijatoa neno, askofu, ambaye alikuwa bado amesimama, alinyoosha mkono wote na kidole kuelekea mbele.

"Mwongo!" alisema.

Mzee Mbithi alikuwa kwenye kiti chake, nami nilikuwa kizimbani mbele yake, kwenye mstari mmoja kutoka kwa askofu. Kidole kilitushika sote wawili. Hakimu alishusha kalamu yake, akamuuliza askofu ni nani kati yetu. Alichojibu nitakiandika juma lijalo.